“Inaongeza kinga”: maana yake kwa aliyepandikizwa figo

Kwenye meza za mitishamba Mwanza mjini, sifa utakayoisikia mara nyingi ni kwamba dawa “inaongeza kinga”. Kwa mtu mwenye mafua, maneno hayo hayana shida. Kwa aliyepandikizwa figo ni sababu tosha ya kuiacha dawa hiyo pale pale mezani, kwa kuwa kinga yake ndiyo inayoiwinda figo mpya.

Kinga haitofautishi figo ya hisani na mvamizi. Inachosoma ni protini za HLA zilizo juu ya seli, na hizo kwa kawaida hutofautiana kati ya mtoaji na mpokeaji, mara nyingi hata wakiwa ndugu. Seli T ya mpokeaji, yaani chembe nyeupe ya damu iliyo askari wa kinga, huamka kwa hatua tatu. Kwanza huonyeshwa kipande cha protini ngeni. Kisha hupata ishara ya pili ya kuthibitisha, ikiikosa, hupoa. Mwisho hutoa interlukini-2, kemikali ya kuzihimiza seli zijigawe, na hapo hujigawa mara nyingi na kuivamia figo. Zipo pia seli T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake. Figo hudumu pale watulizaji wanapowazidi wavamizi nguvu.

Kemikali za mimea huingia katika habari hii kwa milango miwili. Wa kwanza ni seli zenyewe. Triptolidi, inayotoka kwenye mmea wa Kichina uitwao Tripterygium wilfordii, huzima NF-kB, swichi inayowasha jeni za uvimbe ndani ya seli T. Panya waliopandikizwa viungo na kupewa kemikali hiyo walikaa navyo muda mrefu zaidi. Lakini kipimo kinachotuliza kinga kiko karibu mno na kile kinachodhuru ini, figo na uzazi. Kurkumini, kemikali iliyo kwenye kiungo cha manjano, nayo hutuliza seli T maabara, ambako humwagiwa seli moja kwa moja. Tumboni hesabu ni nyingine: kijiko cha chai cha manjano, gramu 3 hivi, kina takriban miligramu 90 za kurkumini, na sehemu kubwa haifiki kwenye damu. Manjano ya kawaida kwenye mchuzi wa sato si tiba, na si tishio pia. Vidonge vya kurkumini iliyokolezwa, hasa vilivyochanganywa na pilipili manga ili ifyonzwe zaidi, ni jambo jingine kabisa.

(Dawa mbili za kutuliza kinga zilizobeba upandikizaji wa kisasa, kwa taarifa tu, hazikutoka kwenye mimea. Saiklosporini ilipatikana kwa kuvu wa udongo wa Norway, na takrolimasi kwa bakteria wa udongo wa Japani, mwaka 1984. Zote mbili huziba kalsinurini, kimeng'enya kilicho ndani ya seli T, na bila kalsinurini interlukini-2 haitengenezwi.)

Mlango wa pili ndio unaopoteza figo, na wengi hawaujui. Takrolimasi na saiklosporini huvunjwa na kimeng'enya CYP3A4 kilichopo kwenye utumbo na ini. Mmea unaokizuia hupandisha dawa kwenye damu, unaokichochea huishusha. Balungi huzuia, na danzi na furungu ni wa ukoo huo huo. Glasi moja inatosha. Kunywa juisi asubuhi na dawa jioni hakusaidii, kwa sababu utumbo huhitaji siku moja hadi tatu kutengeneza kimeng'enya kipya. Chungwa tamu la kawaida halina shida hiyo, kwa hiyo machungwa ya Ukerewe hayamo kwenye orodha. Upande wa kuchochea, mfano unaojulikana zaidi ni mmea wa Ulaya, Hypericum perforatum, unaotumika kwa sonona. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich waliripoti wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo ambao saiklosporini yao ilishuka na miili ikaanza kuikataa mioyo hiyo.

Kinachochanganya ni kwamba dawa ikishuka, figo hukataliwa na kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, hupanda. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza figo na kreatinini hupanda vilevile. Mikono kutetemeka na kichwa kuuma huelekeza kwenye dawa kuzidi, ila ni kipimo cha damu kinachoamua. Damu ya takrolimasi hutolewa asubuhi, kama saa 12 baada ya dozi ya jioni, kabla ya kumeza ya asubuhi. Ukimeza kwanza, namba itakuwa kubwa ya uongo na dozi itapunguzwa bure. Malengo mengi huangukia kati ya nanogramu 5 na 15 kwa mililita, miezi ya mwanzo yakiwa juu zaidi.

Nchini Tanzania upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mgonjwa wa kanda ya ziwa aliyepandikizwa huko hurudi nyumbani, mbali na timu iliyompandikiza, na huko ndiko shangazi anamletea chupa ya mizizi. Kama ameshainywa, aende kliniki na chupa yenyewe, si jina la dawa tu: jina moja la asili hutumika kwa mimea kadhaa, na chupa moja huwa na mitano. Aseme pia tarehe aliyoanza na aliyoacha. Mmea uliokuwa ukichochea kimeng'enya ukiachwa ghafla, takrolimasi hupanda kwa wiki mbili hivi bila dozi kubadilishwa, na damu hupimwa tena ndani ya kipindi hicho.