Bustani haiponi kwa mche wa picha

Siku za kupanda miti Nairobi zinafanana: fulana mpya, mche mmoja watu kumi, picha, kisha kila mtu kwao. Wengi wanaamini bustani huponywa hivyo. Ukweli ni kwamba kazi kubwa ni kung'oa. Msitu wa Karura, jijini humo, ulivamiwa na sestrumu, kichaka cha kigeni chenye maua ya rangi ya chungwa. Ndege hula matunda yake na kudondosha mbegu kwingine, na chini yake miche ya mihugu na mizeituni mwitu haioni jua. Ukikata shina tu, linachipua. Sharti uchimbe mizizi, urudi msimu ujao uchimbe iliyokuponyoka, ndipo upande mti wa asili, na kiangazi kikifika bado unadai maji. Siku hiyo hakuna mpiga picha.

"Lakini bustani ni ya kaunti, mimi nahusika vipi?" Kaunti ni mdhamini tu, Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema inashikilia ardhi ya umma kwa niaba ya wakazi. Hata kabla ya Katiba hiyo watu hawakunyamaza. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na halikujengwa. Jeevanjee Gardens, bustani iliyotolewa kwa wakazi na mfanyabiashara A.M. Jeevanjee mwaka 1906, ilinusurika kugeuzwa maegesho ya magari mwaka 1991 baada ya mjukuu wake, Zarina Patel, kuongoza upinzani.

Wapo pia wanaoshuku kwamba vikundi vya marafiki wa bustani, yaani raia wanaojitolea kuzitunza, vinajitafutia shamba. City Park, bustani nyingine ya Nairobi ambako vipande vimewahi kumegwa, ilitangazwa kwenye gazeti la serikali mwaka 2009 kuwa turathi ya taifa, na kikundi cha Friends of City Park walikuwa miongoni mwa waliopigania hilo. Tangazo halikuwapa hati ya hata hatua moja ya ardhi. Lilimfanya mnyakuzi apate shida zaidi, basi.

Halafu kuna imani kwamba uzio unatosha kuleta usalama. Ni kweli Karura iliwekewa uzio wa umeme, na ulisaidia. Ila hofu ya zamani ya wezi iliondoka vijana wa Huruma, kijiji cha jirani, walipoajiriwa kulinda msitu, na njia zikajaa wakimbiaji, waendesha baiskeli na familia. Uzio peke yake ungemfungia mwizi ndani pamoja nawe.

Na kima wa City Park, wale nyani wadogo ambao wageni huwarushia chakula, hawana njaa. Majani, matunda ya porini na wadudu vinawatosha; chipsi zinawafundisha tu kwamba kila mfuko wa mtu ni chakula, na meno yao ni makali. Karanga zako zile nyumbani.