Bikari, fuvu na milimita moja: kazi aliyoiacha Väinö Lassila

Väinö Lassila (1896–1939) alikuwa mtaalamu wa anatomia huko Helsinki, Ufini. Alikulia kitaaluma ndani ya sayansi ya mbari, ile iliyodai kwamba binadamu wanaweza kupangwa makundi kwa umbo la mifupa yao. Alishiriki kuwachunguza Wasami, wenyeji wa kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Kufika katikati ya miaka ya 1930 alikuwa anaongoza chama cha kutetea haki za binadamu. Wengi wakimsimulia huanza na dhamira yake. Mimi naona tuanze na mikono, kwa sababu ukiielewa kazi aliyofundishwa utaona mwenyewe mahali inapovuja.

Kifaa chenyewe ni bikari ya chuma yenye mikono miwili iliyopinda kama pembe za ng'ombe, na rula ndogo ya kusomea milimita. Ncha moja unaituliza kwenye glabela, ule uvimbe mdogo wa mfupa kati ya nyusi, juu kidogo ya shina la pua, na unaishikilia kwa vidole isiteleze. Ncha ya pili unaitembeza kisogoni, juu na chini kwenye mstari wa katikati, mpaka mikono ifikie upana wake wa mwisho. Huo ndio urefu wa fuvu. Kisha unahamia pembeni: ncha zote mbili juu ya masikio, kwa kimo kimoja, unazipeleka mbele na nyuma mpaka upate upana mkubwa kuliko wote. Wanagenzi hukosea hapa. Hushuka mno, wakakamata ukingo wa mfupa ulio juu na nyuma ya tundu la sikio, ambao kwa wanaume wengi huwa mnene, na upana ukapanda bure.

Gawanya upana kwa urefu, zidisha kwa 100. Chini ya 75, kichwa kinaitwa kirefu. Kuanzia 75 mpaka chini kidogo ya 80, cha kati. 80 na kuendelea, kifupi. Hesabu hii ilitoka kwa Mswidi Anders Retzius, mtaalamu wa anatomia, katika miaka ya 1840, na ikaenea Ulaya nzima kwa sababu ilikuwa rahisi.

Sasa chukua fuvu lenye urefu wa milimita 180 na upana wa 143. Jibu ni 79.4: la kati. Mpimaji wa pili akisoma upana 144, jibu ni 80 kamili: fupi. Fuvu ni lile lile, juu ya meza ile ile, lakini limehama kundi. Na milimita moja ni tofauti ya kawaida kabisa, hata kwa mtu mmoja mwenye uzoefu anayerudia kipimo chake asubuhi na jioni.

Kwa mtu aliye hai mambo huwa magumu zaidi, maana kuna nywele, ngozi, na misuli ya panja inayonenepesha upana. Desturi ilikuwa kupunguza 2 kutoka kwenye jibu la kichwa hai kabla ya kulilinganisha na fuvu kavu. Hiyo 2 haikupimwa kwa mtu aliyesimama mbele yako. Ni makisio, na kama ulivyoona, kundi zima linaweza kubadilika kwa chini ya moja. Fuvu lililokandamizwa na udongo wenye maji hupinda. Mtoto anayelazwa chali miezi yake ya kwanza kisogo chake hubapa, urefu hupungua na jibu hupanda, ilhali ukoo wake haujabadilika hata kidogo. Mwanaanthropolojia Franz Boas aliwapima karibu watu 18,000 New York, wahamiaji na watoto wao, na kuanzia 1911 akaonyesha kwamba vichwa vya waliozaliwa Marekani vilitofautiana na vya wazazi wao. Wataalamu wamebishana baadaye juu ya ukubwa wa tofauti hiyo, na nakubali kwamba haikuwa kubwa. Lakini waliopanga mbari walihitaji umbo lisilobadilika, na hawakulipata.

Kwa nini basi Wafini waling'ang'ania kupima? Kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamepimwa. Tangu mwisho wa karne ya 18 wasomi wa Ulaya waliwaweka Wafini kapu moja na Wamongolia, na baada ya uhuru wa 1917 jambo hilo liliwauma wasomi wa Helsinki. Katika miaka ya 1920 Yrjö Kajava, profesa wa anatomia, aliongoza mradi mkubwa wa kupima Wafini. Wasami walipimwa pembeni yao kama kilinganisho: kadiri walivyoonekana tofauti, ndivyo Wafini walivyoonekana Wazungu kamili. Hili ndilo linalonikera kuliko kosa lolote la bikari. Jibu lilikuwa linasubiriwa kabla fuvu halijafika mezani, na mafuvu yenyewe yalifukuliwa makaburini, kikiwemo kisiwa cha makaburi katika Ziwa Inari, kaskazini ya Ufini, huku wajukuu wa marehemu wakiishi kandokando ya ziwa hilohilo.

Lassila alijitenga na mkondo huo wakati ambapo kujitenga kulikuwa na gharama. Mwaka 1935 Ufini ilipitisha sheria iliyoruhusu watu kufungwa uzazi kwa lazima, na nadharia za mbari zilikuwa zimeshakuwa siasa ya serikali nchini Ujerumani. Chama alichokiongoza kilipinga ufashisti na adhabu ya kifo. Kwa mtaalamu wa anatomia wa zama zile hilo halikuwa jambo dogo, maana fani yake ndiyo iliyotumiwa kudai kwamba watu fulani ni duni.

Mafuvu yalibaki kabatini. Mwaka 1995 mafuvu 95 yalirudishwa Inari yakazikwa upya, na mabaki mengine ya Wasami yalizikwa 2022. Kwetu Afrika Mashariki kazi kama hii bado mbichi. Katika mkusanyo uliorithiwa Berlin kutoka kwa mwanaanthropolojia Felix von Luschan, watafiti walichunguza mafuvu 1,135: 904 ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya, na 7 ambayo asili yake haikujulikana. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya DNA vimeoanisha machache na ndugu walio hai Kilimanjaro. Ni machache kwa sababu wakusanyaji waliandika namba, na mara nyingine mahali, kwa wino juu ya mfupa. Jina la mtu kwa kawaida hawakuliandika, na DNA haiwezi kulitaja mpaka ndugu ajitokeze kutoa sampuli yake.