Kabla ya kukata tiketi ya boti, tazama mwezi

Mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza wageni nilichukua familia moja ya Dar, baba, mama na watoto watatu, nikawapeleka Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, saa nne asubuhi. Watoto walikuwa wameshavaa nguo za kuogelea tangu mjini. Tunashuka garini, mbele yetu mchanga mtupu, vigingi vya mwani, kina mama wameinama wanavuna, na maji ni mstari mweupe huko mwambani. Baba akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, bahari mmeiweka wapi?"

Ilikuwa bamvua, zile siku maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Mtoto wa pwani mimi, nilijua, ila sikufikiri. Sasa mtu akinipigia kuwa anakuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, kabla ya bajeti na hoteli namuuliza tarehe.

Hesabu yenyewe nyepesi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na huku kwetu maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Juma moja baadaye ni maji mafu: hujaa asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Pwani ya mashariki ndiyo inayohisi haya zaidi.

Tuseme umeangukia bamvua. Jumamosi asubuhi usiende baharini, nenda msitu wa Jozani, kilomita 35 hivi kutoka mjini, na ni njia hiyohiyo ya Paje. Utajua umefika kwa matuta ya barabarani. Yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga kima punju. Kima hawa, migongo myekundu, nywele za kichwani timtim kama wametoka kulala, asili yao duniani ni Unguja tu. Hula majani machanga, ya mkungu na mwembe wakiyapata, kisha utawaona wakitafuna mkaa waliookota mashambani, unaowasaidia kupunguza sumu ya majani hayo. Usiwape chakula. Halafu pita kwenye daraja la mbao la mikokoni: maji yakipwa, mizizi iko wazi na kaa wanakimbia topeni, na watoto hapo huwa hawaondoki. Ukimaliza ni saa saba, kula, na ukifika Paje saa nane bahari inarudi yenyewe.

Kwenye maji mafu geuza: bahari asubuhi, Jozani wakati wa kurudi.

Jioni ni Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku huko mjini, sina la kuongeza, isipokuwa urojo mimi naula vichochoroni.

Mji Mkongwe niachie Jumapili, kwa kuwa bandari ya Malindi iko hapohapo na mzigo unaweza kuuacha ulikolala. Anza na Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ya Sultan Barghash, ya mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo usiahidi watoto kuingia ndani kabla ya kuuliza.

Mkunazini iwe ya mwisho, maana asubuhi kanisani kuna ibada. Hapo palikuwa soko la watumwa hadi Barghash alipolifunga mwaka 1873, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa. Ndani kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, inasemekana mafundi walizigeuza Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, alipokuwa safarini. Watu huzicheka, nami huwaacha wacheke, kwani nje linawangoja shimo: watu watano wa mawe, wameunganishwa shingoni kwa minyororo ya kweli. Sanamu ni za 1998, minyororo ni ya zama zile. Huwa sisemi kitu hapo. Ndiyo maana siwapangii wageni wangu boti ya mchana.