Steringi Hufa, na Wakanda Hawasemi Kiswahili

Nilikutana na komiki, hadithi za katuni, kabla sijakutana na sinema zake. Ilikuwa juu ya turubai la muuza vitabu vya mitumba mjini Dar es Salaam, imebanwa kati ya kitabu cha uhasibu na kamusi isiyo na jalada. Mwanzo haukuwepo, mwisho haukuwepo. Zilibaki kurasa za katikati tu, Spider-Man anapigana huku anawaza kodi ya nyumba. Niliisoma mpaka ikachanika. Tangu siku hiyo sijaacha, na kila sinema mpya ya mashujaa hawa ikitoka naingia kwenye ubishi na ndugu, jamaa na marafiki.

Ubishi naupenda. Kinachoniuma ni kusikia jambo lisilo kweli likisemwa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Na mengi ninayoyasikia yana mzizi mmoja: tunasahau kuwa kuna watu waliokaa mezani na kalamu wakaamua shujaa avae nini, aseme lugha gani, afe au apone.

"Wakanda wanasema Kiswahili"

Hii nimeisikia hata kwa watu walioitazama mara tatu Black Panther, filamu ya mfalme shujaa wa Wakanda, nchi ya Afrika ya kubuni. Lugha ile ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Ilianza mwaka 2016 kwenye Captain America: Civil War, ambako mfalme T'Chaka aliigizwa na John Kani. Kani ni Mxhosa, na yale maneno machache aliyozungumza na mwanawe T'Challa, ambaye ndiye Black Panther, kwa lugha ya kwao ndiyo yaliyofungua njia. Ilipofika filamu ya 2018, Kixhosa kilikuwa lugha ya nchi nzima, na waigizaji waliotoka Marekani na Uingereza ikabidi wajifunze vidoko vyake.

Kiswahili kimo, lakini kimejificha kwenye jina. Watu wa milimani wanaoongozwa na M'Baku wanaitwa Jabari, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa neno hilo: jabari ni mtu shujaa, mwenye nguvu, asiyetishika. Ajabu ni kwamba kwenye filamu hao hao Jabari ndio waliopewa lafudhi ya Kiigbo cha Nigeria.

Na nchi yenyewe iko wapi? Filamu zinaiweka Afrika Mashariki. Komiki zimeihamisha mara kadhaa, zikaizungushia majirani wa kubuni kama Azania na Niganda. Mavazi nayo yamekusanywa pembe zote za bara. Ruth E. Carter, aliyeshinda Oscar kwa kazi hiyo, aliwavisha askari wa kike wa Dora Milaje wekundu na shanga za kukumbusha Wamaasai, akampa Malkia Ramonda kofia ya wanawake wa Kizulu, na W'Kabi akamtupia begani blanketi la Kisotho.

Wako wanaochukizwa na mchanganyiko huo, na sitawaambia wamekosea. Mimi mwenyewe naumia kidogo: nchi ya ukanda wetu, iliyojifungia karne kwa karne, imeipataje lugha ya kusini kabisa mwa bara? Lakini nakumbuka pia jinsi Hollywood ilivyozoea kumpa Mwafrika wa sinema miguno na maneno ya kubuni. Kumsikia mfalme akizungumza lugha yenye wenyewe, yenye magazeti na mashairi yake, ni jambo ambalo sitalidharau. Uhusiano wetu na filamu hiyo upo, na ni wa kweli: Februari 2018 ilizinduliwa Kisumu, nyumbani kwa akina Lupita Nyong'o aliyeigiza Nakia, na Florence Kasumba, aliyeigiza Ayo wa Dora Milaje, alizaliwa Kampala. Ila uhusiano huo hauko kwenye lugha.

"Jina lake lilitokana na chama cha Black Panther"

Tazama kalenda. Shujaa Black Panther alitokea kwenye toleo namba 52 la komiki ya Fantastic Four, lenye tarehe ya Julai 1966. Chama, kile cha Wamarekani weusi waliodai haki zao, kilianzishwa na Huey Newton na Bobby Seale mjini Oakland, California, Oktoba ya mwaka huohuo. Shujaa alitangulia. Mwaka 1972 Marvel, kampuni inayomchapisha, walijaribu kumbadilisha jina awe Black Leopard ili asichanganywe na chama, jina likakataa kushika, wakalirudisha la kwanza. Kwetu, kwa vyovyote vile, angebaki kuwa chui.

"Wote ni kazi ya Stan Lee"

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa hiyo nivumilieni.

Stan Lee, mwandishi na mhariri wa Marvel, alikuwa anaonekana kidogo karibu kila filamu ya Marvel, mzee mwenye miwani na masharubu, watu wakampenda, nami nilimpenda. Kutokana na hapo likajengeka wazo kwamba mzee huyu aliketi peke yake akawatunga wote. Miaka ya 1960, Marvel ilifanya kazi hivi: Lee na mchoraji walizungumza hadithi, pengine kwa sentensi chache tu, mchoraji akaenda kuichora yote, ukurasa kwa ukurasa, akiamua nani anaingia, pambano linakwendaje, uso unaonyesha nini, ndipo kurasa zikarudi kwa Lee akajaza maneno. Mtu anayeamua tukio lipi lifuate ni mtunzi. Anastahili kuitwa hivyo.

Kwa hiyo Black Panther, Thor, Hulk na X-Men ni watoto wa mchoraji Jack Kirby kama walivyo wa Lee. Spider-Man, aliyetoka Agosti 1962, ni wa mchoraji Steve Ditko pia: ile barakoa inayofunika uso wote, yale macho makubwa meupe, ule mwili unaojikunja kama buibui kweli, ni mkono wa Ditko. Mchango wa Lee haukuwa mdogo. Yeye ndiye aliyewapa mashujaa ulimi wa watu wenye madeni, mafua na mapenzi yasiyojibiwa. Lakini warithi wa Kirby walilazimika kupigana mahakamani kwa miaka, mpaka Septemba 2014 walipopatana na Marvel.

Upande wa DC, kampuni shindani ya Marvel, hali ilikuwa mbaya zaidi. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, waliuza haki zote za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Ilipofika 1975, wakiwa wazee na sinema kubwa ya Superman ikiandaliwa, kampuni ilikubali kuwalipa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Bill Finger, aliyemshauri mchoraji Bob Kane kuhusu vazi la Batman na kuandika hadithi zake za mwanzo, alifariki 1974 bila jina lake kutambuliwa rasmi. DC ilitangaza kumtambua Septemba 2015.

Ndiyo maana mimi, sinema inapokwisha, siondoki. Watu husubiri kipande cha mwisho kinachodokeza filamu ijayo. Mimi nasubiri majina.

"Sinema ikibadilisha komiki, imeiharibu"

Hii ni dhana ya sisi wasomaji, si ya watazamaji, nami niliishi nayo muda mrefu. Kwenye komiki ya The Infinity Gauntlet ya 1991, adui aitwaye Thanos anaifuta nusu ya viumbe vyote kwa sababu anampenda Mauti, ambaye humo ni mwanamke, na anataka kumfurahisha. Kwenye filamu yake, Avengers: Infinity War ya 2018, Mauti hayumo kabisa. Thanos anaamini chakula na maji havitoshi, na kwamba yeye ndiye mwenye ujasiri wa kupunguza walaji. Nilikasirika kwa wiki nzima. Kisha nikagundua kwamba Thanos wa mapenzi nilikuwa nikimshangaa tu, lakini huyu wa hesabu alinitisha, kwa sababu watu wanaosema kama yeye nimewahi kuwasikia wakizungumza kwa utulivu kabisa.

Killmonger, adui wa T'Challa, vilevile. Don McGregor na Rich Buckler walipomleta mwaka 1973 hakuwa binamu wa mfalme. Filamu ndiyo iliyomfanya damu moja na T'Challa, na kwa badiliko hilo moja ugomvi wa kiti cha enzi ukawa ugomvi wa mtoto aliyeachwa ng'ambo bila baba.

Kuna na upande wa pili. Shuri, dada wa T'Challa, alipovaa vazi la chui kwenye Wakanda Forever mwaka 2022, baadhi ya watu walilalamika kwamba Hollywood imebuni jambo la kufuata upepo. Shuri alikuwa Black Panther kwenye komiki tangu 2009.

"Katuni ni mambo ya watoto"

Sitapoteza wino mwingi. Waliokuwa wakifungua gazeti la Uhuru kumtafuta Chakubanga wa Christian Gregory walikuwa watu wazima wenye familia. Marekani kwenyewe, komiki zilirudishwa utotoni kwa nguvu: mwaka 1954, baada ya daktari Fredric Wertham kudai kwamba zinaharibu vijana na Seneti kuziita kampuni kuhojiwa, wachapishaji walijiwekea kanuni kali za nini kisichorwe. Mwaka 1971 Marvel walichapisha matoleo matatu ya Spider-Man kuhusu dawa za kulevya bila muhuri wa kanuni hizo, ingawa wizara ya afya ya serikali ndiyo iliyowaomba waandike juu ya jambo hilo. Na Maus ya Art Spiegelman, komiki kuhusu baba yake aliyenusurika kambi za Wanazi, ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992.

"Watu wameshachoka na mashujaa"

Avengers: Endgame ya 2019 iliingiza karibu dola bilioni 2.8 duniani. The Marvels ya 2023 iliambulia kama milioni 206. Ukiishia hapo utasema soko limekufa. Lakini mwaka uliofuata Deadpool & Wolverine ilivuka bilioni 1.3. Mtu aliyechoka na wali hali sahani tatu siku inayofuata.

Kilichowachosha watu, kwa maoni yangu, ni kupewa kazi ya nyumbani. Ili uwaelewe wanawake watatu wa The Marvels ilikupasa uwe umetazama filamu moja na tamthilia mbili nzima, na hizo tamthilia ziko kwenye huduma ya kulipia. Superman ya James Gunn, mwaka 2025, ilifanya kinyume. Haikuanza na sayari ya kwao inayolipuka wala utoto wake shambani. Ilimwanza akiwa amekwisha pigwa, ameanguka kwenye barafu, mbwa wake anamburuta. Ukielewa maumivu, umeelewa filamu.

Komiki mpya zimelijua hilo mapema, na hapa ningependa sana mnisikilize, kwa kuwa wengi huniambia hawaanzi kusoma kwa kuogopa kurudi mpaka 1938. Hakuna haja. Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto, iliyoanza Januari 2024, inampa Peter Parker nguvu zake akiwa mtu mzima, ana mke na watoto wawili, na mjomba Ben yu hai. Toleo la kwanza karibu lote ni maongezi, na ni maongezi yanayokaza moyo kuliko ngumi. Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta, ya Oktoba mwaka huohuo, inamnyang'anya Bruce Wayne mali: baba alikuwa mwalimu, mama bado anaishi, na kijana mwenyewe ni mhandisi wa kawaida anayeujua mji kwa mabomba na madaraja yake. Nimeipenda zaidi ya Batman yeyote wa miaka kumi iliyopita, ingawa Dragotta humchora mkubwa kupita kiasi, mpaka kuna kurasa sioni tena mtu, naona gari la mizigo.

"Steringi hafi"

Sote tuliokulia vibanda umiza tunaijua hii. Steringi atapigwa, atatoka damu, atadondoka ghorofani, lakini usiwe na wasiwasi, mwisho ataamka. Komiki zenyewe zimeisaidia dhana hii. Superman aliuawa Novemba 1992, magazeti ya dunia yakaandika, na 1993 akarudi.

Lakini Gwen Stacy, mpenzi wa Peter Parker, alikufa mwaka 1973, na yule wa hadithi ile hajarudi. Na mwaka 1982 Jim Starlin, aliyempoteza baba yake kwa saratani, aliandika na kuchora kifo cha Captain Marvel wa kwanza. Hakuuawa na adui. Aliugua saratani. Wenye akili kubwa kuliko wote wa Marvel wanahangaika kutafuta tiba, hawaipati, na mashujaa wanabaki kusimama kando ya kitanda chake. Baadhi yao hawajui waseme nini.

Nilikuwa nimeisoma kabla ya Agosti 2020, Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, alipofariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Wakanda Forever haikumtafutia mtu wa kuingia kwenye nafasi yake. T'Challa naye anakufa kwa maradhi, dada yake akiwa maabara, mashine zote za Wakanda zikiwaka, na muda haumtoshi.

Wakenya walikuwa wamekwisha lifika jambo hilo kwa njia yao. Kwenye Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, kuna msichana anayeitwa Jo, mgonjwa asiye na tiba, anayerudishwa kijijini kwao kumalizia siku zake. Jo anapenda sinema za mashujaa kuliko chakula. Dada yake anaanza kumfanya aamini ana nguvu za ajabu, majirani wanaingia mmoja mmoja kwenye mpango, na mwishowe kijiji kizima kinashika kamera, mavazi na vifaa vya kuokoteza ili kupiga picha sinema moja, steringi akiwa Jo.