Je, wajua kwa nini yokozuna hashushwi cheo hata akishindwa?

Septemba 1989, Onokuni alimaliza siku 15 za mashindano ya sumo, mieleka ya Kijapani, akiwa ameshinda mapambano 7 na kupoteza 8. Kwa karibu kila mwanamieleka mwingine hesabu hiyo ina maana moja: orodha ya vyeo ikitoka tena, jina linashuka. La Onokuni halikushuka. Alikuwa yokozuna, cheo cha juu kabisa, na alipotaka kustaafu kwa aibu Chama cha Sumo cha Japani kilimtaka aendelee.

Wengi wanaoanza kufuatilia sumo hudhani yokozuna ndiye bingwa, kwamba kuna mkanda kama wa ndondi: ukimpiga anayeushikilia, ni wako. Sivyo kabisa. Ubingwa ni kitu kimoja na cheo ni kingine. Kwa mwaka kuna mashindano makubwa 6: matatu Tokyo, na moja moja Osaka, Nagoya na Fukuoka. Daraja la juu, makuuchi, lina wanamieleka 42, na atakayeshinda mapambano mengi kuliko wenzake ndiye bingwa wa mashindano hayo, awe na cheo chochote. Machi 2024 bingwa alikuwa Takerufuji, aliyeorodheshwa maegashira wa 17, mkiani mwa daraja, tena ndiyo kwanza anaingia makuuchi. Jambo la namna hiyo lilikuwa halijatokea kwa miaka 110. Akapokea kombe, akabaki maegashira. Futahaguro naye alipewa uyokozuna mwaka 1986 bila kuwahi kutwaa ubingwa wa makuuchi hata mara moja.

Wala nafasi za yokozuna hazina idadi. Mwaka 2017 walikuwepo wanne kwa pamoja. Mwaka 1992, kwa miezi kadhaa, hakukuwa na hata mmoja, mpaka Akebono, mzaliwa wa Hawaii, alipopandishwa Januari 1993 na kuwa mgeni wa kwanza kufika huko.

Vyeo vyenyewe vya makuuchi, kutoka chini, ni maegashira, komusubi, sekiwake, ozeki, kisha yokozuna. Ukishinda mapambano 8 kati ya 15 umejiokoa. Ukipoteza 8 unashuka. Ozeki ana kinga kidogo: hushushwa akishindwa kufikisha 8 katika mashindano mawili mfululizo. Yokozuna hana sheria ya kumshusha.

Sababu iko katika historia. Orodha ya kimapokeo humtaja Akashi Shiganosuke kuwa yokozuna wa kwanza, ila habari zake ni masimulizi zaidi kuliko kumbukumbu. Ushahidi thabiti unaanzia 1789, ukoo wa Yoshida Tsukasa, uliosimamia kanuni za sumo, ulipowapa Tanikaze na Onogawa kibali cha kuingia ulingoni wakiwa wamefungwa kiunoni kamba nene nyeupe. Kibali, si cheo. Cheo cha juu kilikuwa ozeki, na mtu angeweza kuwa tishio la zama zake bila kuvaa kamba: Raiden, ozeki aliyeshinda mapambano 254 na kupoteza 10 tu, hakupewa.

Mfikirie mtu aliyekwenda Makka kuhiji akarudi akiitwa Alhaji. Mwakani asipokwenda tena, hakuna anayemvua jina hilo, kwa sababu hakulipata kwa kushindania nafasi. Limekwisha kuwa lake. Lakini jina hilo hilo linamfunga: majirani wanatarajia mwenendo unaolingana nalo, na akiteleza atasemwa kuliko wengine. Kamba ya yokozuna ilianza hivyo hivyo, heshima iliyowekwa juu ya uozeki. Neno yokozuna liliandikwa kwenye orodha ya vyeo kwa mara ya kwanza mwaka 1890, na likawa cheo rasmi mwaka 1909. Likaingia kwenye ngazi pamoja na tabia yake ya zamani: hairudi chini.

Kuna wakati Chama kilijaribu kulibadilisha hilo. Oktoba 1949 yokozuna Maedayama alijitoa mashindanoni kwa ugonjwa, kisha akaonekana akitazama mechi ya besiboli, ikabidi astaafu. Januari 1950 yokozuna watatu waliobaki nao wakajitoa wote katikati ya mashindano. Chama kikatangaza kwamba kuanzia hapo yokozuna anayeshindwa au kukosa mashindano mawili mfululizo atashushwa kuwa ozeki. Uamuzi ulipingwa vikali ukafutwa kabla haujamgusa mtu. Badala yake mwaka huo huo likaundwa baraza la watu wa nje ya Chama la kuwapima wanaostahili kupandishwa. Badala ya kufungua njia ya kutokea, wakaubana mlango wa kuingilia: siku hizi ozeki hutakiwa atwae ubingwa mara mbili mfululizo, au afanye kinacholingana na hapo. Baraza linaweza pia kumwonya yokozuna, hata kumshauri astaafu, lakini halimshushi.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, waweke Kisenosato na Terunofuji bega kwa bega. Kisenosato alipanda Januari 2017, Mjapani wa kwanza baada ya miaka 19. Mashindano yaliyofuata akaumia vibaya upande wa kushoto wa kifua, akapambana hivyo hivyo, na siku ya mwisho akamshinda Terunofuji mara mbili na kutwaa ubingwa. Mwili haukurudi tena. Alikosa mashindano 8 mfululizo, mengine yote na mengine sehemu, na Januari 2019, baada ya kuangushwa siku tatu za mwanzo, akastaafu. Hakuwa na chini pa kwenda kujijenga upya. Terunofuji alikuwa ozeki tu magoti na kisukari vilipomwangusha. Akaporomoka mpaka jonidan, daraja la pili kutoka chini, akaanza kupanda tena, akachukua ubingwa Julai 2020 na kuwa yokozuna mwaka uliofuata. Angekuwa yokozuna alipoumia, safari hiyo isingewezekana.

Ndiyo maana rekodi za Hakuho zinanishangaza hadi leo: yokozuna kuanzia 2007 hadi 2021, ubingwa mara 45, ushindi 1,187. Msururu wake wa ushindi 63 ulikatwa Novemba 2010 na Kisenosato huyo huyo, wakati huo akiwa maegashira. Maegashira akimwangusha yokozuna huandikiwa nyota ya dhahabu, na malipo yake huongezeka yen 40,000 kila mashindano kwa muda wote atakaobaki kwenye madaraja mawili ya juu. Kwa hiyo yokozuna anayeng'ang'ania cheo huku akifungwa anakitia Chama hasara ya fedha kila anapoanguka.

Asili ile ya zamani bado inajitokeza. Orodha ni lazima iwe na ozeki angalau wawili, mmoja kila upande, mashariki na magharibi. Machi 2020 alibaki mmoja tu, basi yokozuna Kakuryu akaandikwa "yokozuna-ozeki" ili kuziba pengo. Januari 2023 jambo hilo hilo likamfika Terunofuji.