Arosto haiulizi kabila

Wiki hii nimeisikia mara tatu. Ya mwisho ni mama mmoja wa Kisauni, kamshika mwanawe mkono: "Daktari, sisi watu wa Pwani damu yetu nyepesi. Unga ukishatuingia hautoki. Hawa wa bara wakipewa dawa wanapona." Kijana anapiga miayo, kamasi zamtoka, malaika yamemsimama. Arosto tupu, yaani mateso ya kukosa unga, heroini. Nikauliza dozi. Miligramu 40 za methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, na yuko kwenye dawa za TB.

Basi damu imekosa nini? Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB hulifanya ini liivunje methadoni upesi. Dozi isipopandishwa, mgonjwa ataamka na arosto, awe Mdigo au Mkikuyu. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120, hata bila TB.

Kuna na hawa waliosoma kwenye simu: "Marekani wamethibitisha weusi hawaponi." Utafiti wa 2013 huko ulikuta weusi na Walatino humaliza matibabu ya uraibu kwa uchache kuliko wazungu, ndiyo. Hawa wa simu huishia hapo! Watafiti walipoingiza kazi, makazi na hali ya maisha kwenye hesabu, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ikapata maelezo. Hapa kwetu mtu avuka feri kutoka Likoni kila asubuhi, nauli ya kukopa, kufuata kikombe kimoja cha methadoni anachokinywa mbele ya muuguzi. Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi hushushwa kwa usalama wake. Arosto inamrudisha maskani. Nyumbani wanasema ni ukoo wao.

Jeni zina kazi yake, sikatai. Moja, iitwayo CYP2B6, husaidia kuivunja methadoni mwilini, na aina yake ya polepole ni ya kawaida Afrika. Lakini ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana, kwa hiyo napima dozi kwa mtu.

Eti ni dawa ya wazungu? Kenya tunaitoa tangu 2014. Inaoza mifupa? Mifupa ikiuma, mara nyingi dozi ni ndogo. Mshauri lazima awe kabila lako? Mimi nataka ajue kete, kile kipakiti cha unga, ni nini.

Na tafadhali, njooni na dawa zote mnazomeza, hata za mitishamba.

Yule kijana tulimpandisha kidogo kidogo. Mama bado anasema ni damu, ila kila asubuhi yeye ndiye anayeuliza: "Leo ni ngapi?"