Je, wajua? "Ganda" la homoni hudokeza hatima ya mgonjwa wa kiharusi

Mtu akipata kiharusi, ndugu zake waliokaa kwenye benchi nje ya wodi wana swali moja: atapona? Damu yake inaweza kudokeza jibu, ila si kwa njia niliyoidhania.

Mimi niliamini hivi: ubongo ukikosa damu seli zinakufa, vipande vyake vinaingia kwenye damu, maabara inavihesabu. Vikiwa vingi, hali mbaya, vichache, nafuu. Mbona misuli ya moyo ikiumia humwaga troponini, protini yake inayopimwa kwenye damu?

Vipande hivyo vipo kweli. Nyurofilamenti, nyuzi zinazotegemeza mikia mirefu ya seli za neva, huonekana kwenye damu baada ya kiharusi. Lakini hazina haraka: kati ya ubongo na damu kuna kizuizi, na kiwango chake huchukua wiki moja hadi tatu hivi kufika kileleni. Wa kwenye benchi anauliza leo. Tena kifusi hakisemi ni chumba gani kimebomoka. Jeraha dogo mahali pabaya humpooza mtu nusu mwili. Kubwa kuliko hilo, mahali pengine, humwacha akitembea.

Kilichonishangaza ni kopeptini, ambayo si kifusi kabisa. Mwili ukishtuka, ubongo huachilia vasopresini, homoni inayobana mishipa na kuzuia maji yasipotelee kwenye mkojo. Homoni hii hukatwa kutoka protini ndefu zaidi, na kipande kimojawapo kinachobaki ndicho kopeptini.

Mfikirie muuza machungwa wa stendi. Ameuza mangapi tangu asubuhi? Machungwa yameshaliwa, wateja wameshapanda mabasi. Chini ya meza yake, hata hivyo, kuna lundo la maganda, na kila chungwa limeacha lake moja. Vasopresini ndiyo chungwa: hutoweka kwenye damu haraka. Kopeptini ndiyo ganda: ndani ya kichupa cha maabara hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Sifa kubwa hiyo kwa kitu cha kutupwa.

Mwaka 2009 watafiti wa Basel, Uswisi, walichapisha matokeo ya wagonjwa 362 ambao mishipa yao ya ubongo iliziba. Waliofika na kopeptini nyingi walielekea zaidi kufariki au kubaki na ulemavu ndani ya siku 90. Utafiti wa baadaye wenye wagonjwa 783 uliunga mkono.

Lakini tusikimbilie. Kopeptini hupanda pia kwenye shambulio la moyo na maambukizi makali, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha kiharusi, wala kusema kama mshipa umeziba au umepasuka. Hiyo bado ni kazi ya CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa. Na inachoongeza juu ya kile ambacho umri na ukali wa dalili tayari vinadokeza si kingi. Muuguzi anayemwambia mgonjwa anyooshe mkono na kuuacha hewani sekunde 10, huku akitazama kama unashuka, ameshajua mengi kabla sindano haijatolewa.